Wimbo wa Nasri Masikioni mwa Zamda

Awadhi alikuwa fundi wa makubazi, na pale Tabora mjini hakuna aliyemzidi kwa mshono wa mkono. Ukoo wao ulikuwa wa ngozi tangu zamani. Babu wa babu yake aliingia Unyanyembe, ndiyo Tabora ya leo, na msafara kutoka pwani, kazi yake kushona viriba vya maji, akaoa hukohuko na hakurudi tena. Awadhi mwenyewe hakuwa mtu wa maneno mengi. Alikaa kwenye benchi lake karibu na soko, ubavuni mwa fundi mwenzake Adinani, akikata, akitoboa na kupaka gundi, jioni akarudi kwake Isevya kwa baiskeli. Watu walimjua kwa upole. Kwamba ndani ya upole ule alikuwa na wivu wa kumnyima hamu ya kula, hilo walikuwa hawalijui, na mkewe Zamda alilijua nusu tu.

Zamda ndiye aliyekuwa akitembea. Makubazi ya mumewe aliyachukua yeye akayapeleka kwa wateja: Nzega siku za gulio, na mara mojamoja Usinge kwa treni, ambako wakulima walipenda yale ya soli ya tairi. Safari hizo alizipitisha kwa muziki. Alikuwa na eafoni za waya, zile za kuchomeka masikioni, na waya huo kila siku ulikuwa na ugomvi na mtandio wake, mpaka siku moja alipokuwa akishuka kwenye basi ulinasa kwenye komeo la mlango ukakatika.

"Baba Ummy," alisema usiku ule wakati wa kula. Ummy ni binti yao wa pekee, alikuwa shule ya bweni. "Nataka zile eafoni ndogo zisizo na waya. Uko mjini kutwa, niangalizie nzuri."

"Kwani basi halina redio?"

"Redio ya basi nasikiliza anachotaka dereva. Mimi nataka ninachotaka mwenyewe."

Awadhi alitafuna tonge lake polepole. Anachotaka mwenyewe ndicho kipi hicho? Neno lile lilimkaa moyoni.

Kesho yake alikwenda kwenye duka la vifaa vya simu la Kulwa, dada mmoja mchangamfu aliyekuwa akiuza bidhaa zake huku mwenyewe akizitaja kasoro za bidhaa hizo, na kwa ajili hiyo watu walimwamini.

"Shikamoo kaka Awadhi."

"Marahaba. Nataka eafoni zisizo na waya. Za wifi yako."

"Anasafiri nazo? Na mtandio kichwani?" Kulwa alishapanga vikasha juu ya kioo. "Basi hizi za kugusa achana nazo. Nguo ikizipapasa kidogo tu, wimbo unasimama, au simu inajipigia. Mpelekee hizi zenye kitufe, mpaka abonyeze ndipo zinatii. Halafu zina vimpira vya saizi tatu, maana masikio ya watu hayafanani. Hebu ziweke usikie besi yake."

Alizifuta kwa kitambaa, akamwingizia moja sikio la kulia, nyingine la kushoto, akagusa simu yake. Sauti iliingia bila hodi ikakaa katikati ya kichwa cha Awadhi. Aliitambua kabla ya neno la kwanza kuisha.

Ilikuwa sauti ya Nasri.

Nasri alikulia mtaa uleule wa Isevya, akiimba kwenye harusi tangu hajaota ndevu. Zamani hizo alipeleka posa kwa kina Zamda. Posa ilirudi. Mtaa mzima ulisema baba yake Zamda hakutaka mkwe mwimbaji, na mwaka haukupita mzee yule akamkubali Awadhi, kijana mtulivu mwenye kazi ya mikono. Nasri akahamia Mwanza, akapata jina. Sasa wimbo wake ulikuwa kila kibanda cha chipsi, lakini Awadhi hakuwahi kuyasikiliza maneno yake. Akiusikia kwa mbali alikuwa akizidisha nyundo. Siku ile, vimpira vimemziba masikio, hakuwa na nyundo wala pa kukimbilia.

*Binti wa Isevya, ulinifungia mlango,* Nasri aliimba, karibu kana kwamba anamnong'oneza. *Binti wa Isevya, nami bado nabisha.*

Awadhi alizing'oa masikioni.

"Umeona?" Kulwa alisema kwa fahari. "Kama mtu yuko ndani yako."

"Nimeona." Alivitazama vikasha vyote pale mezani. "Nipe ambazo hazisikiki hivi."

"Vipi?"

"Zisizosikika sana."

Kulwa alicheka akidhani ni mzaha. Awadhi hakucheka. Akaonyesha kwa kidole kikasha kimoja kilichotupwa chini ya meza, pembe zimechanika.

"Kaka, hizo nazirudisha kwa aliyeniuzia. Sikio la kushoto limefifia, chaji haidumu, na ni za kugusa. Nimekwambia za kugusa na mtandio haviendani."

"Nipe hizohizo."

Zamda alizipokea kwa mikono miwili. Alikifungua kikasha akakifunga, akakifungua tena kwa kupenda tu mlio wake, akasema, "Ahsante, Baba Ummy, Mungu akuzidishie." Awadhi aliona aibu. Alijiambia kwamba mwanamume ana haki ya kutogharimia sauti ya mtu mwingine ndani ya kichwa cha mke wake.

Siku ya gulio Zamda alipanda basi la asubuhi kwenda Nzega na fuko lake la makubazi. Awadhi alikuwa benchini akikata ngozi simu ilipoita. Ni Zamda. Alipokea, akaita "Haloo" mara ya kwanza na ya pili. Hakujibiwa. Alichosikia ni muungurumo wa basi, vyuma vikigongana, na karibu zaidi, mkewe akiimba kwa sauti ya chini. Alielewa baadaye ilivyokuwa: wimbo ulimkatikia Zamda mara nyingi kila mtandio ulipopapasa, hadi akazichomoa zile eafoni akazifumbata kiganjani, na vidole vyake ndivyo vilivyopiga namba ya mwisho bila yeye kujua. Lakini wakati ule Awadhi hakuwaza habari za vidole. Alikuwa akisikia mkewe anamalizia kwa kinywa chake mwenyewe ule wimbo uliokatika. *Binti wa Isevya, nami bado nabisha.* Aliuimba taratibu, kwa raha, kama mtu anayekosha vyombo nyumbani kwake.

Awadhi hakukata simu. Alisikiliza mpaka ikakatika yenyewe.

"Nani?" Adinani aliuliza.

"Hakuna mtu."

"Hakuna mtu na umesimama na kisu hewani kama unataka kuchinja?"

Awadhi alikaa chini. Ile ngozi aliyokuwa akikata iliharibika. Alikuwa amepitisha kisu nje ya alama.

Zamda aliporudi kutoka Nzega hakupitia benchini. Aliteremka stendi akaenda moja kwa moja dukani kwa Kulwa kulalamika, na Kulwa, ambaye hakujua kuficha, alimweleza ilivyokuwa neno kwa neno. Jioni Awadhi alimkuta mkewe ukumbini, kile kikasha kimewekwa mkekani mbele yake. Alimwamkia, akamtengea maji ya kunawa, akamwandalia chakula. Mumewe alipomaliza kula ndipo alipoanza.

"Baba Ummy, Kulwa anasema ulimwomba mbovu."

Awadhi alikuwa akiangalia vidole vyake, vyeusi kwa gundi isiyotoka.

"Nimekukosea nini?" Zamda aliuliza.

"Unamsikiliza Nasri."

"Namsikiliza. Tabora nzima inamsikiliza."

"Tabora nzima haikuposwa naye. Wimbo ule ni wako, Mama Ummy. Binti wa Isevya. Mlango ule aliofungiwa ni wa baba yako. Mzee angemkubali, leo ungekuwa Mwanza, wala mimi usingenijua."

Zamda aliinamisha uso, na Awadhi aliona pembe ya mdomo wake ikinyanyuka kidogo, tabasamu la mtu aliyesifiwa na asiyetaka kuonekana amefurahi. Kale katabasamu kalimchoma kuliko wimbo wenyewe.

"Nani kakwambia baba alimkataa?" Zamda aliuliza.

"Mtaa mzima unajua."

"Mtaa haukuwa ndani. Baba alikuwa radhi. Mama alishaanza kuulizia kanga. Mimi ndiye niliyesema simtaki."

Awadhi aliinua kichwa. Miaka yote ya ndoa yake alikuwa akijihesabu kuwa chaguo la mzee. Alikuwa akila, akilala na kuamka na hesabu hiyo.

"Kwa nini?"

"Nasri alikuwa akiniuliza jambo, hangoji jibu. Nikimweleza habari zangu namwona midomo inacheza, anatafuta vina. Nikaona nitazeeka nikizungumza na mtu asiyekuwepo." Zamda alikisukuma kile kikasha kando. "Wewe ulikuja kumpima baba mguu. Mimi nikasema makubazi yangu yananibana kidole gumba. Ulinyamaza. Juma lililofuata ukaleta mengine, hayabani. Hata hukusema kama ulinisikia."

Awadhi alikumbuka. Hakuwa amejua kwamba Zamda naye alikumbuka.

"Na sauti yake?" aliuliza, maana alishindwa kujizuia.

"Sauti yake nzuri."

"Nzuri."

"Nilimkataa mtu, Baba Ummy. Sasa unataka niisingizie na sauti yake?"

Ndiyo, hicho ndicho alichotaka hasa. Alitaka aambiwe sauti ni mbaya, inakwaruza, haisikiliziki. Hakuambiwa. Alilala akiwa na furaha mpya na wivu uleule wa zamani, na havikupatana.

Jumamosi Zamda alimwambia avae, wanakwenda kwa Kulwa wote wawili. Awadhi hakubisha. Safari hii uchaguzi ulifanywa na mwenye masikio. Zamda alijaribu vimpira mpaka akagundua sikio lake la kulia linataka kidogo na la kushoto cha kati. Alitikisa kichwa, akainama kama anayebeba fuko, akavuta mtandio mbele na nyuma. Alizikataa za aina moja kwa kuwa zilimziba mno. Alitoka nazo hadi ukingo wa barabara, pikipiki ikampigia honi na yeye hakusikia, Awadhi akamvuta mkono.

"Hizi zitaniua," alisema akizivua. "Nataka nisikie muziki na gari pia."

"Basi ni zilezile nilizomwambia kaka siku ile," Kulwa alisema. "Zenye kitufe. Na kikasha chake kikijaa chaji, unakwenda Nzega na kurudi, hata kesho yake."

"Niwekee nyimbo tofauti. Nisidanganywe na mmoja."

Kulwa alimwekea wimbo wa dansi wa zamani, wenye magitaa mengi. Zamda akahesabu kwa kidole kila gitaa lilipoingia. Akamwekea taarabu, Zamda akasema vinanda vimetulia lakini ngoma iko mbali. Kisha Kulwa, bila kufikiri, akaweka wimbo wa Nasri.

Zamda alifumba macho.

Hakuyafumba kwa wimbo wa dansi wala kwa taarabu. Awadhi alisimama palepale akiyatazama yale macho yaliyofungwa, akimwona mkewe yupo mkononi mwake na hayupo, na akatamani pikipiki ile ipite tena ipige honi.

"Hizi," Zamda alisema alipoyafumbua. Awadhi akalipa.

Wiki chache baadaye mfanyabiashara mmoja wa mjini alikuwa akimwoza binti yake, na habari zikaenea kwamba Nasri anakuja kuimba. Awadhi aliziba masikio kwa njia yake ya siku zote, kwa nyundo. Asubuhi moja kivuli kiliangukia benchi lake. Aliinua macho akaona kanzu nyeupe, miwani mieusi, na mwili ulionenepa kidogo kuliko aliokuwa akiubeba kichwani mwake.

"Assalaam aleikum, mafundi. Nani kati yenu ndiye Awadhi? Nimeambiwa makubazi ya kupandia jukwaani nije kwake."

"Waaleikum salaam. Ndiye mimi."

"Nasri!" Adinani alidakia, akapangusa stuli kwa shati lake mwenyewe. "Karibu sana! Tumekua wote Isevya, sisi."

"Isevya, ee! Mnaendeleaje Isevya? Bado kuna ule mpira jioni?" Na kabla Adinani hajafungua kinywa, Nasri alikuwa ameshavua kiatu akisema habari za joto la Mwanza.

Awadhi alitandaza karatasi chini. Nasri aliweka mguu. Awadhi alipiga goti akauzungushia penseli, kisigino, ukingo, kidole kwa kidole, mguu wa mtu ambaye yeye alimchukia kwa miaka mingi. Ulikuwa mguu wa kawaida, kucha ya kidole kidogo imekatwa vibaya. Kimya kilimshinda.

"Ule wimbo wako wa Binti wa Isevya," alisema bila kuinua uso. "Nyumbani kwangu unasikilizwa sana."

"Shukrani, shukrani. Umenifungulia riziki ule."

"Binti mwenyewe ni yupi?"

Nasri alicheka. "Hakuna binti, ndugu yangu. Studio nilitaja mtaa wa kwetu tu; nikiwa Mwanza naimba Binti wa Kirumba. Nikienda mji mwingine naulizia kwanza jina la mtaa. Watu wanapenda kusikia kwao."

Penseli ya Awadhi ilisimama kwenye kidole gumba.

"Mimi nimemwoa Zamda," alisema.

"Zamda." Nasri alilionja jina. "Zamda yupi?"

Adinani alikohoa, akajifanya anatafuta shazia ya kushonea ngozi. Awadhi aliinua uso akautazama ule uso wenye miwani, na alichokisikia kikipanda kifuani hakikuwa raha. Alikuwa na haki ya kufurahi. Mshindani wake hakuwepo. Hakuwa amebisha mlango wowote. Lakini Awadhi alikasirika kama mtu aliyetukaniwa mke. Mtu anawezaje kumposa Zamda kisha amsahau? Ana kichwa gani huyu? Zamda aliyefumba macho dukani, aliyetabasamu kwa siri kwa kuamini kuna mahali anaimbwa, huyu hata jina lake halikumbuki?

"Binti wa mzee wa nyumba ya kona, karibu na msikiti," alisema kwa ukali. "Ulipeleka posa."

"Aaa... huenda. Ujana, kaka. Tulipeleka nyingi." Nasri aliuondoa mguu. "Yatakuwa tayari Alhamisi?"

"Yatakuwa tayari."

Siku zile mbili Awadhi aliyashona makubazi yale akiwa na mawazo mabaya. Alijua namna ya kukaza ukanda wa kushoto kwa kiasi kidogo tu, kisionekane kwa macho, kikamtese mtu afikapo wimbo wa tatu. Aliushika ukanda, akauvuta. Kisha akakumbuka kile kikasha chenye pembe zilizochanika, na namna Zamda alivyokipokea kwa mikono miwili. Aliulegeza ukanda ukakaa panapostahili. Alhamisi alikuja mtu mwingine kuyachukua.

Nyumbani Zamda alishazipata habari; Adinani hana siri.

"Nasikia Nasri alikuja benchini."

"Alikuja."

"Akasemaje?"

Awadhi aliiegesha baiskeli ukutani. Ukweli ulikuwa mdomoni mwake, na ulikuwa ukweli wa kumponya yeye mara moja na daima: kwamba hakuna binti, hakuna mlango, hata jina hakulikumbuka. Ilitosha kuusema tu. Alimtazama mkewe, mtandio umemwangukia mabegani, moja ya zile eafoni bado iko sikioni.

"Amekusalimia," alisema.

Zamda alimkazia macho. Kisha akaanza kucheka, akacheka mpaka akashika nguzo.

"Nasri? Asalimie? Baba Ummy, hujui kudanganya hata kidogo."

"Amesema nikusalimie sana."

"Haya. Nimepokea." Aliyafuta machozi kwa ncha ya mtandio. Hakuuliza zaidi, na Awadhi hakujua, wala hadi leo hajui, ni kiasi gani alichokielewa.

Walialikwa harusini wote wawili. Nasri alipanda jukwaani chini ya taa za rangi, na ule wimbo ulipoanza vigelegele vilipanda mpaka turubai likatikisika. Alipofika penye *Binti wa Isevya* wanawake wa Isevya waliinuka wote kwa pamoja, kila mmoja akiona ametajwa yeye. Zamda naye aliinuka. Awadhi, upande wa wanaume, alimwona akiinuka, na ule moto wake wa zamani ukamwaka tena vilevile, pamoja na yote aliyokuwa akiyajua. Alishika ukingo wa kiti. Alitamani taa zizimike.

Wimbo ulipoisha Zamda alipita katikati ya watu, jasho likimtiririka, akamjia palipokuwa pamebanana akamsemea sikioni.

"Umeyaona makubazi yake?"

"Nini?"

"Makubazi, Baba Ummy! Kacheza nyimbo nne na hayajampinda. Kesho anza kunishonea mengine ya namna ile, niyapeleke Nzega. Nitawaambia ni ya Nasri."

"Usiwaambie ni ya Nasri," alisema Awadhi.

"Ni ya nani sasa?"

"Waambie ni ya mume wako."

Zamda alimtazama, akampiga kofi dogo begani, akarudi kwa wanawake wenzake, maana ngoma nyingine ilikuwa imeanza.